Kuchagua droni ya kuandikia programu na mfumo huria wa kuiongoza

Usukani_wa_Anga ameuliza:

Habari wakuu. Natafuta droni ambayo naweza kuiandikia programu mwenyewe, siyo ile ya kuendeshwa kwa rimoti tu. Python naandika vizuri, Linux naifahamu, kulehemu waya si tatizo. Kazi ni mbili. Ya kwanza: droni ipae yenyewe, ipite juu ya eneo la hekta chache kwa mistari sambamba ikipiga picha, kisha irudi itue. Ya pili: niweze kuujaribu msimbo wangu ndani ya jengo kabla ya kutoka nje.

Nimeona majina ya mifumo kama ArduPilot, PX4, Betaflight na iNav, na kila anayeandika anavutia kwake. Ninachotaka kujua ni mfumo upi unafaa kwa kazi hizi, ninunue droni iliyokamilika au niunge mwenyewe, na bodi (kompyuta ndogo inayoiongoza droni) iwe na nini ili nisijute baadaye. Naomba majibu yenye namba, hata yakiwa marefu.

---

Propela10:

Karibu mkuu. Usianze na droni. Jiulize kwanza msimbo wako utaamuru nini. Ukishapata jibu, mfumo hauna ubishi tena na bodi inafuata.

Kuna ngazi tatu za kuamuru. Ya juu ni "panda mita 10, nenda pale, tua". Mahesabu yote ya kusawazisha yanabaki kwenye bodi. Ya kati ni kutuma kasi au mwelekeo mara kadhaa kwa sekunde, kwa mfano droni ifuate kitu kilichoonwa na kamera. Ya chini ni kubadilisha usawazishaji wenyewe, na hapo unaandika C++ inayokaa ndani ya bodi. Kazi yako ya picha ni ngazi ya juu, labda siku moja ifike ya kati. Kwa hiyo unahitaji mfumo unaopokea ratiba nzima ya safari na unaoongea MAVLink, lugha ya ujumbe kati ya bodi na kompyuta, kwa sababu maktaba za Python, simuleta na programu za kituo cha ardhini zimejengwa juu ya lugha hiyo.

Betaflight iondoe kwenye orodha. Ni mfumo mzuri sana kwa mbio na kwa kuruka na miwani, ila shabaha yake ni mkono wa rubani, siyo ratiba kutoka kwenye kompyuta. GPS Rescue yake ipo ili droni iliyopoteza mawimbi irudi karibu na mwenyewe. iNav ni ndugu yake anayejua vituo vya safari na kurudi nyumbani, na inakaa vizuri kwenye bodi ndogo, lakini ukitaka kuiamuru kwa Python utakuwa unatwanga peke yako. Unabaki na ArduPilot na PX4.

Kuhusu droni zilizokamilika. Tello, droni ndogo ya kununua tayari, inaandikiwa programu kirahisi mno: unatuma maneno kwa UDP kwenye bandari 8889, unaanza na `command`, kisha `takeoff`, umbali ni kwa sentimita, hali yake inarudi kwenye 8890 na video kwenye 11111. Isipopata amri kwa sekunde 15 inatua yenyewe, na wengi huichukulia tabia hiyo kuwa hitilafu wakati ni kinga. Ila ina gramu 80, haina GPS, na programu yake ya ndani imefungwa. Kwa kufundishia ni sawa, kwa kazi yako haifai.

Crazyflie 2.1, droni nyingine ndogo, ni huria kweli, programu yake ya ndani iko chini ya GPLv3. Ina gramu 27 na inabeba kama gramu 15 tu. Ukiiwekea kipande cha Flow deck v2 inajishikilia mahali bila GPS, na Python unaipitishia maktaba ya cflib. Kwa majaribio ya ndani ni salama kuliko kitu kingine chochote nitakachokutajia. Tatizo ni kwamba msimbo ulioandikia cflib hauhamii kwenye droni ya MAVLink; kinachohama ni wazo.

Kwa hiyo unga mwenyewe, au chukua kifurushi cha kuunga kama Holybro X500 V2, ambacho kina fremu ya milimita 500, mota za 2216 za 920 KV na propela za 1045 (inchi 10). Uzuri wake ni kwamba PX4 wana mfano wake tayari kwenye simuleta, kwa hiyo unachokijaribu mezani kinafanana na kitakachopaa.

Bodi sasa. Chukua yenye chipu ya STM32H743, ambayo ina MB 2 za kuhifadhia programu. Bodi nyingi za bei nafuu zina chipu ya F405 yenye MB 1, na ArduPilot inalazimika kukata baadhi ya uwezo ili ienee. Utakuja kugundua sensa uliyonunua haina msaada kwenye toleo la bodi yako, na hakuna parameta ya kurekebisha hilo. Kisha hesabu milango ya UART (ya mawasiliano ya serial): GPS mmoja, kipokezi cha rimoti mmoja, telemetri (redio ya kuongea na kituo cha ardhini) mmoja, kompyuta mwenza kama Raspberry Pi mmoja, sensa ya chini mmoja. Pungufu ya mitano itakubana. Hakikisha pia kuna baromita (bodi za mbio wakati mwingine hazina) na sehemu ya kadi ya microSD kwa ajili ya logi.

---

Chipu_H7:

Naunga mkono hapo juu. Niongezee ArduPilot dhidi ya PX4, maana ndipo watu wanapogombana bila sababu.

Leseni: ArduPilot ni GPLv3, PX4 ni BSD. Ukibadilisha ArduPilot ukauza au kugawa droni yenye mabadiliko hayo, unawajibika kuwapa wateja chanzo chake. PX4 haikubani hivyo. Skripti yako ya Python inayoongea na bodi kwa MAVLink ni programu tofauti, haiguswi na GPL ya bodi. Kwa mtu anayefanya kazi yake mwenyewe, jambo hili halina uzito.

Tofauti utakayoiona kila siku ni tabia wakati msimbo unaamuru. Kwenye ArduPilot unatumia modi ya GUIDED. Ukiiambia "nenda pale" mara moja, inakwenda na kusubiri huko. Ukituma kasi, lazima uirudie. Ikipita muda wa `GUID_TIMEOUT`, ambao kwa kawaida ni sekunde 3, inasimama na kuelea. Kwenye PX4 unatumia Offboard, nayo ni kali zaidi: lazima uanze kutuma amri angalau sekunde moja kabla ya kuingia modi hiyo, na usishuke chini ya mara 2 kwa sekunde. Ukitulia, inatoka Offboard na kufanya ulichopanga kwenye `COM_OBL_RC_ACT`. Wanaolalamika kwamba PX4 inakataa Offboard, mara nyingi wamebadilisha modi kwanza ndipo wakaanza kutuma. Mpangilio ni kinyume chake.

Kwa kazi yako nachagua ArduPilot. Inasamehe zaidi, inakubali bodi nyingi zaidi, na ratiba ya kupiga picha kwa mistari unaichora kwenye Mission Planner, programu ya kituo cha ardhini, bila kuandika hata mstari mmoja wa msimbo. Ungekuwa unajenga juu ya ROS 2, mfumo wa kuandikia programu za roboti, ningekwambia PX4.

Jambo moja muhimu: DroneKit, maktaba ya Python ya kuamuru droni, iache. Mafunzo mengi mtandaoni yanaitumia, lakini matengenezo yake yalisimama zamani. Kwenye Python 3.10 na kuendelea inaanguka palepale unapoiingiza, kwa kosa la `collections` kukosa `MutableMapping`. Badala yake, kwa ArduPilot tumia maktaba ya pymavlink. Kwa PX4 tumia MAVSDK.

---

MwanaMAVLink:

Kwa shamba la picha sina ubishi na Chipu_H7. Ila tusiseme PX4 ni ya ROS 2 pekee. Mtu anayetaka kufika ile ngazi ya chini, msimbo wa PX4 unasomeka vizuri: kila kazi ni moduli yake, zinapeana ujumbe kwa uORB, unaweza kuchomoa moduli moja ukaweka yako bila kugusa nyingine. Hiyo ni faida kubwa kwa mwanafunzi wa udhibiti.

Mkuu Usukani, kabla ya kununua hata skrubu, fungua simuleta. ArduPilot:

`sim_vehicle.py -v ArduCopter --console --map`

PX4 yenye Gazebo:

`make px4_sitl gz_x500`

Bodi ya kuigiza ndani ya kompyuta inaendesha msimbo uleule wa uongozaji utakaokuwa kwenye bodi halisi. Unganisha skripti kwa `udp:127.0.0.1:14550` kwa ArduPilot; kwa PX4 mlango wa skripti ni 14540, na 14550 umeachiwa QGroundControl, programu ya kituo cha ardhini. Siku ya kuhamia kwenye droni unabadilisha anwani ya muunganisho tu. Ndiyo maana nasema sehemu kubwa ya "majaribio ya ndani ya jengo" unayoyataka haihitaji propela hata moja.

Kwenye simuleta usijaribu safari nzuri tu. Kata GPS (`SIM_GPS_DISABLE`, au `SIM_GPS1_ENABLE` kwenye matoleo mapya), weka upepo kwa `SIM_WIND_SPD`, ua skripti yako katikati ya safari kwa Ctrl+C, kisha tazama droni inafanya nini. Kama hujui itafanya nini msimbo ukifa, bado hujamaliza kuiandika.

---

Usukani_wa_Anga:

Asanteni sana, nimeelewa. Naelekea ArduPilot na bodi ya H743. Mnisaidie mawili: Raspberry Pi 4 naiunganishaje na bodi, na mfuatano wa amri kwenye skripti ukoje mpaka droni ipae? Na uzito niupange vipi?

---

MwanaMAVLink:

Nianze na umeme, maana hapo ndipo Pi nyingi zinapozimikia hewani. Pi 4 inataka volti 5 kwa ampea 3. Usiichukulie umeme kwenye mlango wa TELEM (mlango wa UART wa telemetri kwenye bodi). Mlango huo ni wa kulishia redio ndogo. Mota zikivuta kwa nguvu volti inashuka na Pi inajiwasha upya, na mbaya zaidi inaweza kuivuta bodi yenyewe. Weka kipunguza volti chake peke yake, cha 5 V na ampea 5, kutoka kwenye betri kuu.

Waya ni tatu tu. TX ya TELEM2 iende pini 10 ya Pi, RX ya TELEM2 iende pini 8, na GND iende pini 6. Waya wa 5 V wa TELEM uache bila kuunganisha. Pande zote mbili ni 3.3 V, huhitaji kibadilishaji. Kwenye bodi:

`SERIAL2_PROTOCOL` = 2
`SERIAL2_BAUD` = 921
`BRD_SER2_RTSCTS` = 0, kwa sababu hujaunganisha waya za CTS na RTS

Kwenye Pi fungua `raspi-config`, zima kuingia mfumoni kupitia serial lakini uache serial yenyewe ikiwa hai. Ukisahau hilo, Linux itakuwa inamwaga maandishi ya kuingilia mfumoni kwenye waya uleule wa MAVLink, nawe utaona mapigo ya bodi (ujumbe wake mfupi wa kusema iko hai) yakija na kupotea bila mpangilio. Watu hubadilisha kebo mara kadhaa kabla ya kulikumbuka.

Mfuatano wa kupaa:

Unganisha `/dev/serial0` kwa kasi ya 921600, kisha `wait_heartbeat()`. Mpe msimbo wako utambulisho wake, `source_system=1` na `source_component=191`, ambao ndio wa kompyuta iliyo ndani ya droni. Usipoupanga, pymavlink inatumia 255, na namba hiyo ni ya kituo cha ardhini pia. Skripti inayotuma mapigo kwa namba hiyo itaificha bodi ukweli kwamba kituo halisi kimepotea.

Subiri makadirio ya mahali yawe tayari. GPS kuonyesha setilaiti hakutoshi. Bodi ikisema `Need Position Estimate`, subiri. Weka GUIDED, washa mota, kisha tuma `MAV_CMD_NAV_TAKEOFF` yenye kimo kwenye parameta ya 7. Baada ya kila amri soma `COMMAND_ACK`. Msimbo unaotuma amri bila kusoma jibu utafikiri umepaa wakati droni bado iko chini. Na usiweke usingizi mrefu kati ya kuwasha na kupaa: `DISARM_DELAY` ni sekunde 10, ikipita mota zinazimwa.

Kutuma kasi ya mita 2 kwa sekunde kuelekea kaskazini:

```
m.mav.set_position_target_local_ned_send(
    0, m.target_system, m.target_component,
    mavutil.mavlink.MAV_FRAME_LOCAL_NED,
    3527,
    0, 0, 0,
    2, 0, 0,
    0, 0, 0,
    0, 0)
```

Hiyo 3527 inaiambia bodi itumie kasi peke yake na ipuuze mengine. Ukitaka mahali badala ya kasi ni 3576. Sasa shika hili: mhimili wa tatu unaelekea chini. Kupanda mita 5 ni z = -5. Ukiandika 5 umeiamuru iende mita 5 chini ya ardhi, nayo itajitahidi kukutii.

Mtego wa aina hiyo upo pia kwenye MAVSDK. `goto_location` inapokea kimo kutoka usawa wa bahari, siyo kutoka ulipopaa. Ukiwa eneo lililo mita 1,200 juu ya bahari ukaandika 20, umeomba ishuke mita 1,180. Soma kimo cha nyumbani kwanza, kisha ujumlishe.

La mwisho upande wangu, na ndilo ninalolisisitiza kuliko yote: safari ya picha isiitegemee Pi. Pakia ratiba yote kwenye bodi na uiendeshe kwa modi ya AUTO. Pi ikiganda, bodi inamaliza mistari na kurudi. GUIDED iache kwa yale ambayo bodi haiwezi kuyajua yenyewe, kama kitu kilichoonwa na kamera.

---

dira_juu:

Nichukue uzito na uungaji.

Kanuni ni msukumo wote uwe angalau mara mbili ya uzito wote. Fremu ya milimita 500, mota za 2216 za 920 KV, propela za inchi 10, betri ya 4S (seli nne) ya 5000 mAh, Pi na kamera: weka makadirio ya kilo 1.6. Kwa hiyo kila mota lazima iweze kusukuma gramu 800 au zaidi. Tazama jedwali la mtengenezaji wa mota kwa volti yako na propela yako. Namba ya 3S haikusaidii kwenye 4S. Droni ya uzito huo ikielea inavuta kama ampea 18 hadi 20. Ukitumia asilimia 80 ya betri una ampea-saa 4, yaani dakika 12 au 13. Panga ratiba ya dakika 9, kilichobaki ni cha upepo na kurudi.

Ukisharuka soma `MOT_THST_HOVER`. Bodi inajifunza yenyewe namba hiyo. Ikizidi 0.5 droni ni nzito kuliko mota zake.

Mota: kabla ya yote, toa propela. Kwenye ArduPilot mpangilio wa X ni mota 1 mbele kulia, 2 nyuma kushoto, 3 mbele kushoto, 4 nyuma kulia. Ya 1 na 2 zinazunguka kinyume cha saa, 3 na 4 kufuata saa. Betaflight inahesabu tofauti kabisa: 1 nyuma kulia, 2 mbele kulia, 3 nyuma kushoto, 4 mbele kushoto. Ukinunua ESC (kidhibiti cha kasi ya mota) ya nne kwa moja iliyochorwa kwa ajili ya Betaflight ukaiunganisha bila kufikiri, droni itapinduka sekunde ileile unapoinua. Huna haja ya kukata waya; weka `FRAME_TYPE` = 12 badala ya 1, kisha kagua mota moja moja kwenye jaribio la mota. Kumbuka tu kwamba namba hiyo inapanga nafasi za mota. Mwelekeo wa kuzunguka unaukagua kwa macho.

Dira: usitegemee ile ya ndani ya bodi. Waya za betri zinapitisha ampea 20 karibu yake na zinatengeneza uga wa sumaku unaobadilika kila unapoongeza mwendo. Inua GPS yenye dira kwenye mlingoti wa sentimita 10 au zaidi, sokota waya za chanya na hasi za betri pamoja, na zima dira ya ndani. Dalili ya dira mbovu ni droni iliyo kwenye Loiter (modi ya kujishikilia mahali) kuanza kuzunguka duara linalopanuka. Ukiona hivyo hamia Stabilize au AltHold haraka, maana modi hizo hazitegemei makadirio ya mahali.

Mtetemo: soma ujumbe wa VIBE kwenye logi. Chini ya 30 m/s/s uko salama, ukivuka 60 tegemea matatizo ya kimo. Droni inaweza kupanda yenyewe kwa sababu inadhani inashuka. Sawazisha propela, badilisha iliyokwaruzwa, kisha washa kichujio cha `INS_HNTCH_ENABLE`. Usianze na kichujio kabla ya kurekebisha chuma.

Kinga za dharura kwa 4S:

`BATT_LOW_VOLT` 14.0, `BATT_FS_LOW_ACT` 2 (irudi nyumbani)
`BATT_CRT_VOLT` 13.2, `BATT_FS_CRT_ACT` 1 (itue hapo ilipo)
`FS_THR_ENABLE` 1
`FENCE_ENABLE` 1, pamoja na kimo na duara unavyotaka

Pima volti kwa mita na urekebishe `BATT_VOLT_MULT` kwanza. Kosa la volti 0.4 kwenye kipimo linafanya namba zote hizo ziwe bure. Kimo cha kurudi nyumbani kwa kawaida ni mita 15. Kama kuna miti ya mita 20, kipandishe.

Na rimoti iwepo hata kama droni ni ya msimbo. Kwenye GUIDED kusukuma vijiti hakuitoi droni mikononi mwa skripti, lazima ubadilishe modi kwa swichi. Bodi inasikia swichi pale tu inapobadilika. Kama swichi ilikuwa tayari kwenye Loiter na skripti ikaingiza GUIDED, kuitazama swichi hakusaidii. Ipeleke kwenye modi nyingine kisha uirudishe. Zoesha vidole vyako kufanya hivyo mpaka visikuulize. Swichi ya pili iwe `RCx_OPTION` = 31, inayosimamisha mota mara moja, kwa siku droni imelala chali huku propela zinapiga ardhi.

---

Propela10:

Kuhusu kuruka ndani: hiyo ya inchi 10 usiiwashe ndani ya nyumba kabisa. Propela za ukubwa huo zinakata mtu vibaya, na upepo wake ukigonga kuta unarudi kuitikisa droni.

Unga nyingine ya inchi 3 yenye vizuizi vya propela na bodi yenye chipu ileile ya H743. GPS haitakuwepo, kwa hiyo unahitaji sensa ya mwendo wa sakafu na ya kupima umbali wa chini. MTF-01 ina zote mbili na inaongea MAVLink. Mlango wake uwe `SERIALx_PROTOCOL` 1 na kasi 115, kisha `FLOW_TYPE` 5 na `RNGFND1_TYPE` 10. Kwenye makadirio weka `EK3_SRC1_POSXY` 0, `EK3_SRC1_VELXY` 5, `EK3_SRC1_POSZ` 1 na `EK3_SRC1_VELZ` 0.

Sensa hiyo inafuatilia michoro ya sakafu. Sakafu nyeupe inayong'aa, au chumba chenye giza, haina cha kufuatilia na droni itateleza pembeni polepole mpaka ukutani. Tandaza mkeka wenye maua, washa taa, ruka kati ya nusu mita na mita moja na nusu. Nondo za sakafu nazo zinaivuruga dira, kwa hiyo usiiwashe ikiwa chini sakafuni. Iweke juu ya meza ya mbao.

---

Usukani_wa_Anga:

Nimenakili yote. Swali la mwisho: kamera ni Pi Camera Module 2. Nirushe kimo gani, na picha ziachane mita ngapi ili ziungane vizuri?

---

Chipu_H7:

Unahesabu hivi: upana wa ardhi kwenye picha ni kimo mara upana wa kihisi, gawanya kwa urefu wa fokasi. Kamera hiyo ina kihisi cha milimita 3.68 kwa 2.76, fokasi milimita 3.04, na picha ya pikseli 3280 kwa 2464.

Kwa kimo cha mita 40, picha moja inafunika mita 48.4 kwa 36.3, na pikseli moja ni kama sentimita 1.5 ardhini. Ifunge kamera upande mrefu ukiwa umekata mstari wa safari. Ukitaka picha zipandane asilimia 75 kwenda mbele, piga kila baada ya mita 9. Zikipandana asilimia 65 kwa pembeni, mistari iachane mita 17. Juu ya mazao yanayofanana kila mahali, pandisha ya mbele ifike 80, maana programu ya kuunganisha inakosa alama za kushika.

Kasi ya mita 5 kwa sekunde inakupa picha moja kila sekunde 1.8, na Pi inaweza. Muda wa kufungua lenzi usizidi 1/500 ya sekunde. Hapo droni inasogea sentimita 1, chini ya pikseli moja. Funga mwangaza na uwiano wa rangi, usiache vijipange vyenyewe, la sivyo kila picha itakuja na rangi yake. Kihisi cha kamera hiyo kinasoma mstari kwa mstari, kwa hiyo mtetemo unapindisha picha. Weka mpira laini kati ya kamera na fremu.

Kupiga picha acha skripti ya Pi ifanye. Omba ujumbe namba 33, `GLOBAL_POSITION_INT`, kila mikrosekunde 100,000 kwa kutumia `MAV_CMD_SET_MESSAGE_INTERVAL`. Latitudo na longitudo zinakuja zikiwa zimezidishwa kwa 10,000,000, na kimo cha kutoka nyumbani kinakuja kwa milimita. Umbali ukifika mita 9 tangu picha iliyopita, piga, na andika mahali hapo kwenye EXIF (taarifa zilizomo ndani ya faili la picha) papo hapo. Anza kupiga droni inapoingia kwenye mstari wa kwanza, siyo inapopaa, na ongeza mita 15 za mstari nje ya kila mpaka ili iwe imeshatulia kutoka kwenye kona kabla ya kufika eneo lako.

Sheria za anga za nchi yako ziangalie kabla ya siku ya kwanza nje: uzito wa kusajili, kimo cha juu, na masafa ya redio ya telemetri yanayoruhusiwa, kwa sababu 433 na 915 MHz hazikubaliki kila nchi.